Pale Ubao Wako Ulipoishia

Mwanangu Amade,

Kosa tunalolifanya wengi tuliopitia chuo cha Kurani ni kudhani kwamba aya imeishia pale ubao ulipoishia. Tunaandikiwa kwa wino wa masizi, tunasoma mpaka ulimi unazoea, tunauosha ubao, tunaandikiwa kipande kingine. Kilichoingia kichwani kinabaki na mipaka ya ubao, si mipaka ya maneno. Mtu anakuwa mzima, anaoa, anazeeka, na bado ukimwambia asome anasimama pale pale alipokuwa akisimama utotoni, kwa sababu pale ndipo palipokuwa na ukingo.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu tuliporudi kutoka Pundanhar. Sasa hivi umekwenda sokoni kuulizia gari la kesho, nami nimekaa barazani na karatasi. Nimeona niandike, maana nikisema kwa mdomo nitageuka mwalimu, nitaanza kukusahihisha herufi, na wewe utaitikia "ndiyo, mama" kama unavyoitikia kila nikianza. Barua huwezi kuiitikia "ndiyo, mama" ukaenda zako.

Habari za chandarua, za dawa, za kutolala na mlango wazi, za kuamka kabla ya wakwe zako, sitaziandika. Hizo unazijua, na usizozijua watakufundisha wenyewe, tena kwa kelele. Nataka kuzungumza juu ya aya ile. Na nikwambie mapema usije ukategemea nisichokuwa nacho: aya ile hata mimi imenichanganya, na nimeisoma tangu sijaota meno ya ukubwani.

Nianze na Pundanhar, ili tuwe tunazungumza jambo moja. Wewe ulikuwapo, lakini mtu aliyeulizwa swali huwa hakumbuki alivyoulizwa. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, nakumbuka.

Walitupokea vizuri. Walitutandikia mkeka mpya, wakatuletea chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha. Mwenye neno alikuwa Mzee Assumane, mjomba wa Atija tuliyekwenda kukuposea, kwa kuwa kule mtoto ni wa wajomba zake, na tena baba yake Atija hakuonekana tangu Mocímboa ilipoingiliwa na wenye bunduki. Alianza kwa mzaha.

"Sisi huku hatutoi binti, Maalimu," aliniambia. "Tunapokea mkwe. Mwanao atakuja na nguo zake, tutamwonyesha shamba, tutamwonyesha kisima. Akikasirika, atakasirikia hapa hapa tukimwona."

Watu wakacheka. Baba yako mdogo Anli akadakia, "Huyu hana hasira, mzee. Huyu kuku akimdokolea muhogo wake, yeye ndiye anayeomba radhi."

"Afadhali. Ila nasikia amesomeshwa chuo na mama yake. Nyinyi wasomi wa pwani tunawajua, kila jambo mna aya yake. Basi nikuulize, bwana mkubwa. Atija akikuudhi, kitabu chako kinakwambia ufanye nini?"

Ungeweza kusema, "Nitakuja kukuuliza wewe, mjomba." Ungeweza kucheka tu, mambo yakaisha. Lakini ulinyoosha mgongo, ukafumba macho, ukaisoma. Na uliisoma vizuri, mwanangu. Siwezi kusema uongo. Mahali pa kuvuta ulivuta, mahali pa kusimama ulisimama, hata kina mama waliokuwa wakitwanga nyuma ya nyumba waliacha mchi wakasikiliza. Ukaambiwa utafsiri, ukatafsiri: kuonya, kisha kutengana kitanda, kisha kupiga. Hapo ukaishia.

"Umemaliza?" akauliza Mzee Assumane.

"Nimemaliza, mjomba."

"Hakuna mbele?"

"Ipo. Ila kwa moyo nakumbuka mpaka hapo."

"Ala! Kitabu chote kile, wewe umekumbuka mpaka kwenye fimbo!"

Safari hii kicheko kilikuwa kingine. Bibi yake Atija hakucheka kabisa. Alivuta sahani ya muhogo akaisogeza upande wake, kama mtu anayeondoa kitu mbele ya mgeni aliyeshiba. Kisha mzee akanigeukia mimi.

"Maalimu, wewe ndiye uliyemsomesha. Tueleze basi."

Nikasema, "Aya hiyo ina maelezo yake."

"Ndiyo ninayoyataka."

"Ni marefu, mzee."

"Sisi wakulima, Maalimu. Tunangoja muhogo mwaka mzima, tutashindwa kukungoja wewe?"

Nikafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Mimi, ambaye nikiulizwa bei ya chumvi naanza kueleza chumvi inavyokauka! Ndipo aliposema ile kauli unayoijua. Urudi peke yako na begi lako, na jibu. Likimwingia, utabaki, na ndoa itafungwa. Lisipomwingia, gari linalokuleta asubuhi linarudi pwani alasiri, na wewe ulipande. Njiani Anli alitaka kutuchekesha. "Shemeji," akaniambia, "tumekwenda kuposa, tumerudi na mtihani." Wewe ulitazama nje ya gari mpaka tukafika.

Sasa nikueleze kwa nini ulisimama pale. Ubao wako ulikuwa mdogo. Fundi alikuwa na kipande cha mninga kilichobaki kwenye mlango wa mtu, akakuchongea. Tulipofika kwenye aya ile, ambayo ni ndefu, nafasi ilikwisha kwenye neno lile la kupiga. Yanayofuata, kwamba wakitii msiwatafutie njia ya kuwaonea, na kwamba aliye juu yenu nyote ni Mungu, yalikuwa ya ubao wa pili. Lakini korosho zilikuwa zimeiva. Ulikwenda na Anli kuokota, chuo kikafungwa kama kinavyofungwa kila msimu, na uliporudi wenzako wote wamekuja na ari mpya, nikaona nisiwarudishe nyuma. Tukaanza sura nyingine. Ubao wa pili hukuandikiwa. Baadaye umeyasoma maneno yale kwenye msahafu, najua, lakini ya kwenye msahafu macho yanapita tu. Ya ubao ndiyo yanayokaa.

Ukiniuliza kama niliupita ubao ule kwa sababu ya korosho peke yake, nitakwambia sijui. Nilikuwa na haraka ya kuuacha ukurasa ule. Aya ile niliifundisha kila mara kwa sauti tu, nikisisitiza herufi, kama mtu anayevuka tope kwa kukanyaga mawe.

Umesikia kwa shangazi zako, vipande vipande, kwamba niliolewa Mocímboa kabla ya baba yako. Mtu yule hakuwa mbaya wa kila siku. Alikuwa mfanyabiashara, akileta nguo na sabuni kutoka Mtwara, na alisali. Siku moja nilimjibu mbele ya wageni wake, akangoja waondoke, akanipiga. Kabla ya kunipiga aliisoma aya. Alisoma mpaka pale pale ulipofika wewe. Sijui ubao wake ulikuwa na ukubwa gani.

Nilirudi kwa baba yangu, babu yako, ambaye ndiye aliyenisomesha mimi. Nilidhani atakasirika. Alinikalisha chini akanieleza. Akanieleza aya ilivyoteremka, akanieleza iliyo kabla yake na iliyo baada yake, inayosema ahukumu mtu kutoka kwa watu wa mume na mtu kutoka kwa watu wa mke. Akanieleza wanavyuoni waliosema kwamba kupigwa kule kusiumize wala kusiache alama, na wengine waliosema kuwa kuacha kabisa ndiyo bora. Akanieleza kwamba Mtume mwenyewe inasimuliwa hakupata kumpiga mwanamke. Alieleza vizuri sana. Alipokuwa akieleza niliuona ukurasa wote kama mtu anayeonyeshwa nyumba yake mwenyewe chumba kwa chumba. Nilipokuwa nimelainika, akasema, "Sasa rudi kwa mumeo."

Nikarudi. Hakunipiga tena. Majirani wakasema, unaona, aya imefanya kazi. Tukakaa miaka michache, akapata mke mwingine ng'ambo ya Ruvuma, akanitumia talaka kwa binamu yake. Baba yako alinioa baadaye, na baba yako unamkumbuka, sina haja ya kumsifu. Hakuwa msomi. Aya ile hakuijua hata mwanzo wake.

Hapa ndipo ninapochanganyikiwa, na nataka uchanganyikiwe pamoja nami, kwa sababu nadhani huko ndiko kuelewa kunakoanzia. Mume wangu wa kwanza aliikata aya, akaniumiza. Baba yangu hakukata kitu, aliisoma yote na yanayoizunguka, na mwisho wake nikarudi nyumba ile ile. Kwa hiyo mtu akikwambia dawa ni kusoma kwa ukamilifu, mwambie ni kweli, halafu umwulize: unasoma kwa ukamilifu ili ufike wapi? Maelezo yanaweza kuwa taa, na yanaweza kuwa pazia. Mimi nimeishi maisha yangu yote kwa kueleza, na sijui mara ngapi nimeshona pazia.

Tena kuna jambo lingine. Palma ilipovamiwa, wewe ulikuwa Pemba, kusini mwa mkoa wetu, kwa masomo, mimi nilijificha mikokoni na majirani, maji yakitufika kiunoni. Upepo ulikuwa unatujia kutoka mjini. Tuliwasikia wavamizi wakisoma Kurani. Nilitega sikio kwa mazoea, nitafute kosa, nijiambie kwamba hawa si watu wa kitabu. Sikulipata. Aliyekuwa akisoma alikuwa na sauti safi, na herufi zake zilitoka mahali pake. Mama mmoja pembeni yangu akanong'ona, "Maalimu, wanasoma nini?" Nikamjibu, "Wanasoma kipande." Ndilo jibu nililokuwa nalo. Uliposoma Pundanhar na kina mama wakaacha kutwanga, nilifurahi, kisha nikaogopa. Sauti nzuri haijui inabeba nini.

Basi tangu tuliporudi nimeusoma tena ukurasa ule, si kama mwalimu. Nimerudi mpaka mwanzo wa sura. Wewe unajua inavyoanza, kwa kukumbusha kwamba sisi sote tumetoka katika nafsi moja. Lakini tazama kinachofuata mara moja. Mayatima. Wapeni mayatima mali yao, msibadilishe kizuri chao kwa kibaya chenu, msile chao pamoja na chenu. Wanavyuoni wanasema maneno haya yaliteremka Madina baada ya vita vilivyoacha wajane wengi na watoto wengi wasio na baba. Nimefundisha maelezo hayo mara nyingi, nikiyasema kama habari ya watu wa mbali. Safari hii nilisimama hapo nikafunga msahafu kidole kikiwa ndani.

Mji wenye wajane wengi na mayatima wengi. Wanaume wachache waliobaki, na nyumba zinazogombaniwa, na wasichana wanaolelewa na wajomba. Amade, huo ni mji gani? Mimi sikuhitaji tena kuambiwa mazingira ya sura ile. Nimeishi ndani yake. Na Atija yumo, tangu mstari wa mwanzo. Wewe ulimsomea yatima wa vita aya moja iliyotolewa kwenye sura ya mayatima wa vita, na ukaanzia mahali ambapo yeye hayupo, ipo hasira yako tu.

Nilipofika hapo nilifurahi kama mtoto, nikataka kukukimbilia nikwambie nimepata jibu. Sura nzima inamlinda asiye na mtetezi, kwa hiyo kila neno lililomo tulisome kwa nia hiyo. Nikasimama mlangoni. Nikasikia sauti ya baba yangu ndani ya sauti yangu. Maana neno lile bado lipo, mwanangu. Limezungukwa na ulinzi pande zote, lakini lipo. Wapo wanaosema leo kwamba lina maana nyingine kabisa. Nimewasoma. Natamani wawe wamesema kweli, na kutamani kwangu ndiko kunakonitia shaka, maana mume wangu wa kwanza naye alisoma alichokitamani. Wapo wanaosema neno lile lilikuja kuwapunguza watu waliokuwa wakipiga bila kufikiri, likawawekea ngazi ndefu ili hasira ipoe kabla ya kufika juu. Hili linanituliza kidogo zaidi. Linanituliza mchana. Wapo wanaosema, lipo, na mjadala umekwisha, asiyelitaka ana upungufu wa imani. Hao siwajibu, lakini nikilala nawasikia.

Sikuambii uchague mmoja wao kwa sababu mama yako amemchagua. Sijachagua. Ninachokijua ni kidogo. Najua kwamba kabla ya kuuliza aya inasema nini, inafaa kuuliza inamwambia nani, na nani amekaa pale wakati inasomwa. Najua kwamba aliyepewa kitabu hicho akakiishi hakuitumia ruhusa ile, na mtu anayetaka kumfuata hawezi kumpita katika kupiga. Najua kwamba mtu anayeikumbuka aya siku ya hasira tu hakuikumbuka aya, ameikumbuka hasira. Na najua kwamba kusema "sijui" mbele ya Mzee Assumane kungekuwa heshima kubwa kuliko nilivyokaa kimya na kilemba changu cha ualimu. Kesho akikuuliza, na ukawa hujui, sema hujui. Lakini sema hujui ukiwa umesoma mpaka mwisho.

Unaweza kuniuliza, sasa mjomba nimpelekee jibu gani? Nimejaribu kukutungia. Nimeandika majibu mawili kwenye karatasi nyingine, nikayachana. Yalikuwa mazuri mno. Mzee yule angeyasikiliza mpaka mwisho na angekwambia upande gari, na angekuwa na haki, maana angejua ni mama yako anayesema. Na akikubali kwa maneno yangu, utakaa kwenye nyumba ya watu kwa jibu la kuazima. Siku Atija atakapokuudhi kweli, na atakuudhi, mimi sitakuwapo barazani kukunong'oneza.

Kuna jambo moja sikukwambia. Tulipokuwa tunaondoka, Atija alinimwagia maji ya kunawa mikono. Aliyamwaga polepole ili nikawie. Akasema, bila kuinua kichwa, "Mama, mbona alifumba macho?"

Nikamwambia, "Ndivyo wasomavyo wenye kuhifadhi, mwanangu. Inawasaidia kukumbuka."

"Lakini nilikuwa nimekaa mbele yake."

Nikafuta mikono kwenye kapulana niliyojifunga kiunoni, naye akaondoa bakuli. Tangu siku hiyo swali la mjomba limekuwa dogo kwangu, na la Atija limekuwa kubwa. Nadhani mjomba naye alikuwa anauliza hilo hilo, ila yeye ni mwanaume na mzee, ilimbidi alizungushe.

Nimetafuta katika elimu yote niliyonayo, ya chuo na ya shule niliyosoma Mtwara, mwanachuoni aliyeandika kwamba mtu anapoisoma aya inayomhusu mwingine amtazame huyo mwingine. Simkumbuki. Pengine yupo na mimi sijamfikia. Pengine hili ni wazo la mama mjane ambaye mwanawe anakwenda kuishi mbali, na anatafuta kisingizio cha kumweka mbele yake saa moja zaidi. Hilo nalo linawezekana, sitalikataa.

Begi lako liko kitandani, halijafungwa. Barua hii nitaiweka juu ya shati la harusi. Ukirudi sokoni, ukishaisoma, usinijibu kitu. Msahafu wenye tafsiri uko juu ya kabati, nimeshaufuta vumbi. Uchukue, uje nao jikoni ninapomenya muhogo, ukae chini mbele yangu, unisomee sura ile tangu mstari wake wa kwanza bila kuruka, na ukifika kwenye aya ile, fumbua macho unitazame usoni mpaka uimalize.

Mama yako